Kelele za Miguu ya Mbele: Ya Kungoja na ya Kusimamisha Gari



Juma hili tunaweka kando mazungumzo yetu ya matairi, kwa sababu imetufikia barua isiyoweza kungoja. Mwandishi wake ni askari polisi anayekaa Muyinga pamoja na mkewe na watoto wanne. Ana gari dogo aina ya Toyota Probox, alilolinunua kwa akiba ya miaka mingi. Mwisho wa mwezi huu familia nzima yataka kwenda Gitega kumwona bibi wa watoto, kwa njia ya Karuzi. Lakini gari linagonga mbele. Amelipeleka garaji, akaambiwa shokapu zimekufa. Akanunua mbili mpya kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya shule. Kelele haikuondoka. Garaji ya pili imemwambia abadilishe "miguu yote". Sasa anauliza: "Je, nilipe tena, au nisafiri nalo hivyo hivyo, maana limegonga mwaka mzima na bado linatembea?" Mwishoni ameongeza neno moja ambalo huenda yeye mwenyewe hakulipa uzito: kwamba tangu majuma mawili, anapokata kona kuingia uani kwake, husikia pia mlio mdogo, kama wa mtu avunjaye kijiti kikavu.

Swali la ndugu yetu ni swali la wengi. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, watumishi na askari wengi wamekuwa wakipanda na kushuka milima hii mara kwa mara, wengi wao katika magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu. Barabara yenye mashimo, kingo zilizoliwa na mvua, na vumbi la kiangazi havina huruma kwa miguu ya gari. Basi tutamjibu askari wetu, lakini kwanza tujifunze pamoja, ili kila mmoja aweze kulisikiliza gari lake kabla ya kufungua mkoba.

KANUNI YA JUMA HILI

Kanuni yenyewe ni fupi, nasi twaomba iandikwe ndani ya kifuniko cha kisanduku cha gari: ukubwa wa kelele haupimi ukubwa wa hatari. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma; na tena walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali zote mbili zinaishi katika miguu ya mbele ya gari. Kipo kifaa kidogo cha bei nafuu ambacho kikilika hupiga kelele mpaka abiria wakashindwa kuongea, na gari likaendelea kutembea. Kipo na kingine ambacho hulia kidogo tu, siku chache, kisha siku moja huachia, na gurudumu likalala ubavu katikati ya barabara. Mwenye gari asiyevitofautisha hivi viwili hulipa mahali pasipo lazima, au hukataa kulipa mahali penye uhai wa watoto wake.

TUIJUE MIGUU YENYEWE

Mguu wa mbele wa gari dogo unafanana sana na mguu wa binadamu. Ipo springi, ambayo hubeba uzito kama msuli. Ndani yake ipo shokapu, silinda yenye mafuta, ambayo kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya kupita shimo. Viwili hivi hufungwa pamoja katika nguzo moja iliyosimama, na kichwa cha nguzo hiyo hushika bodi ya gari chini ya boneti, juu ya mto wa mpira wenye beringi ndogo. Mpango huu unaitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na ulienea baada ya kampuni ya Ford kuutumia katika magari yake ya Consul na Zephyr ya Uingereza mwaka 1950. Corolla imeufuata mbele tangu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1966, na Probox, iliyotoka mwaka 2002, inaufuata vile vile.

Chini ya gurudumu upo mkono wa chuma unaolala kutoka katikati ya gari kwenda nje. Upande wa ndani mkono huo hukaa juu ya bushi, yaani mipira migumu inayonyweshwa mshtuko. Upande wa nje hushika gurudumu kwa bolijointi. Hii bolijointi ni sawasawa na nyonga ya mtu: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kilichofunikwa mfuko wa mpira wenye grisi. Uzito mwingi wa mwendo, breki na kona hupita hapo. Kisha ipo tairodi, fimbo inayopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu, nayo ina kichwa cha namna hiyo hiyo mwishoni. Mwisho ipo fimbo ya kuzuia gari lisilale katika kona, inayounganishwa na kila mguu kwa kifimbo kidogo kiitwacho linki.

Jambo la majina lisiwatie hofu. Mafundi wetu waliojifunza kwa Kifaransa husema rotuli, amotisa na silenbloki. Ukivuka Kobero ukaingia Tanzania, fundi atakuambia bolijointi, shokapu na bushi. Vifaa ni vile vile. Unaponunua kipuri kilichopita mpakani, chukua kile cha zamani mkononi ukilinganishe. Macho hayahitaji mkalimani.

DAFTARI LA MASIKIO

Kosa la kwanza la wenye magari wengi ni kwenda garaji na neno moja tu: "Linagonga." Neno hilo halimsaidii fundi. Ni sawa na kumwambia daktari "naumwa", kisha kunyamaza. Matokeo yake fundi hubahatisha, nawe ndiye unayelipia ubahatishaji.

Twaa daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa. Dereva aendeshe, mwingine, mkewe au mumewe au kijana mkubwa, akae pembeni na kuandika. Redio izimwe, madirisha yafunguliwe, vitu vyote vinavyogongana ndani vitolewe. Jibuni maswali manne.

La kwanza: wapi? Kulia au kushoto? Hapa pana mtego. Sisi twaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani yana usukani kulia. Dereva basi hukaa ukingoni, karibu sana na gurudumu la kulia, ambalo ndilo linalokutana zaidi na kingo zilizobomoka. Kelele ya kushoto humfikia kwa mbali, akaidharau. Kwa hiyo badilishaneni viti, msikilize tena.

La pili: lini? Penye vijiwe vidogo kwa mwendo wa polepole, au penye shimo kubwa? Mnapofunga breki? Mnapokata kona? Mnapozungusha usukani gari limesimama? Au wakati wote, ikiongezeka kwa kasi?

La tatu: sauti ya namna gani? Msione haya kuigiza kwa mdomo. Kokoko, du, nyiii, tak-tak-tak, vuuum: kila moja ina maana yake, na fundi mzuri hufurahi kuisikia ikiigizwa.

La nne: tangu lini, na baada ya jambo gani? Baada ya kubadilisha tairi? Baada ya shimo fulani? Baada ya matengenezo?

YALIYO YA BURE KWANZA

Kabla ya kuishuku miguu, ondoeni washukiwa wasio na gharama. Kelele iliyoanza siku moja baada ya tairi kubadilishwa, ikigonga kwa mwendo mdogo, yaweza kuwa nati za gurudumu zilizolegea. Hii ni ya bure kuikagua, lakini ni ya hatari kuliko nyingi. Simamisheni gari papo hapo mzikaze. Kisha tazameni jeki na spana kama zimefungwa mahali pake, betri kama imekazwa, boneti kama imefungika vema, na kinga ya matope chini ya injini kama haijachomoka skrubu. Eksozi iliyolegea nayo huiga sauti ya mguu. Breki padi zikicheza hulia kijiwe kwa kijiwe. Gusa kanyagio kidogo sana huku gari likienda: kelele ikinyamaza, mtafuteni mhalifu katika breki.

SAUTI NA MAANA ZAKE

Kokoko nyepesi, ya haraka, penye vijiwe vidogo na mwendo wa polepole, hasa gurudumu moja likipanda na jingine likishuka: mara nyingi ni linki. Hili ndilo debe tupu la methali. Fundi aweza kuthibitisha bila kununua kitu: afungue linki za pande zote mbili, kisha aendeshe polepole mahali pasipo msongamano. Kelele ikipotea, jibu limepatikana. Kifaa hiki ni cha bei ndogo, na kukibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Hakuna haja ya kuogopa, ingawa si ruhusa ya kusahau, kwa sababu linki ikikatika gari hulala zaidi katika kona za milimani.

Du nzito, moja, unapofunga breki au unapoachia, au unapotoka kinyumenyume kisha ukaenda mbele: shuku bushi za mkono. Mpira umechanika, na mkono unasogea mbele na nyuma. Gari lenye bushi mbovu hutangatanga barabarani na huvuta upande mmoja likifunga breki.

Nyiii ya mpira mkavu, hasa kiangazi na asubuhi, gari likipanda na kushuka tuta: ni bushi pia, au mpira wa fimbo ya kuzuia gari kulala. Nyunyizieni maji, si mafuta, juu ya mpira mmoja mmoja. Ule utakaonyamaza kwa muda ndio wenyewe. Mafuta ya injini huuharibu mpira wa kawaida, kwa hiyo msiutibu kwa mafuta.

Mlio kama wa uzi wa zeze uliovutwa na kuachiwa, unapozungusha usukani gari limesimama: ni beringi ya kichwa cha nguzo, chini ya boneti. Springi hukwama, kisha huruka. Mmoja azungushe usukani polepole, mwingine aweke kiganja juu ya kichwa hicho. Mruko wake huhisiwa mkononi.

Gari linaloendelea kuyumba kama mtumbwi baada ya kupita tuta, matairi yanayolika kwa mabonde mabonde, na mafuta yaliyochirizika juu ya silinda: hizo ndizo dalili za shokapu iliyokufa. Lisukume tope la mbele kwa nguvu kisha uliachie. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Angalieni kwamba kelele peke yake si ushahidi wa shokapu. Wengi wamenunua shokapu ili kutibu linki.

Tak-tak-tak ya mfululizo, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho na gari likivuta: ni jointi ya ekseli ya mbele. Tazameni mfuko wake wa mpira. Ukiwa umepasuka, grisi itaonekana imerushwa ndani ya rimu.

Vuuum inayoongezeka kwa kasi, isiyojali mashimo, na inayobadilika gari likielemea upande mmoja: ni beringi ya gurudumu. Isingojwe.

Na sasa ile ya kimya. Kijiti kikavu kinachovunjika unapokata kona. Mlio mfupi wa chuma penye shimo, usiorudiarudia. Usukani unaorudi kwa uzito usio wa kawaida. Mfuko wa mpira uliopasuka na kuingiwa vumbi na maji: shuku bolijointi ya chini. Na usukani wenye nafasi tupu katikati, unaocheza kabla magurudumu hayajatii, pamoja na mgongo mdogo unaohisiwa viganjani: shuku kichwa cha tairodi.

Hizi mbili ndizo za kusimamisha gari. Bolijointi ya chini ikichomoka katika kikombe chake, sehemu ya chini ya gurudumu hutupwa nje, tope huliangukia tairi, ekseli yaweza kung'oka, na usukani hauna tena anayemtii. Tairodi ikiachia, gurudumu moja hufuata amri na jingine hufuata njia yake. Tusidhani haya ni ya magari yaliyochakaa tu. Mwaka 2005 kampuni ya Toyota iliyaita garaji, huko Marekani, magari zaidi ya 700,000 ya mizigo na ya familia kwa ajili ya bolijointi za mbele: uso wa baadhi ya vichwa ulikwaruzika wakati wa kutengenezwa, ukaweza kulika na kulegea kabla ya wakati. Ikiwa kiwanda kikubwa kiliona jambo hilo lastahili kuita magari mengi hivyo, sisi wenye magari ya miaka ishirini tutakuwa na udhuru gani?

JARIBIO LA NYUMBANI

Jaribio hili halihitaji chombo ila jeki na watu wazima wawili. Wekeni gari mahali tambarare penye ardhi ngumu. Udongo uliolowa haufai. Vuteni breki ya mkono, tieni gia, wekeni mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inueni upande mmoja wa mbele kwa mahali palipowekwa na kiwanda, mpaka tairi liachie ardhi kidogo. Ingizeni gurudumu la akiba, likiwa limelala, chini ya kingo ya bodi, ili jeki ikiteleza gari lisifike chini. Watoto wakae mbali. Wala mtu yeyote asiingize kichwa wala mwili chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Kwanza, shika tairi juu kabisa na chini kabisa. Sukuma juu, vuta chini, kisha kinyume chake. Gurudumu lisicheze. Likicheza, mwenzako akanyage breki, nawe ujaribu tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi au kiungo kingine cha mguu. Mwambie fundi hivyo.

Pili, shika tairi kulia na kushoto, ulitikise kama anayezungusha usukani kidogo. Mchezo ukionekana hapa tu, na si kule juu na chini, tairodi ndiyo ya kushukiwa.

Tatu, lizungushe gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Likiguna kama jiwe la kusagia, beringi imekwisha.

Nne, kwa taa ya mkononi, na kutokea pembeni, tazama mifuko yote ya mpira: ya bolijointi, ya tairodi na ya ekseli. Uliopasuka ni kidonda kilicho wazi. Kiungo chake hakitaishi masika mawili.

Pana onyo moja. Bolijointi iliyobanwa na uzito huficha ubovu wake. Katika Probox na Corolla gurudumu likining'inia, kiungo huwa huru na mchezo huonekana kwa urahisi. Lakini katika magari makubwa kama Prado, ambayo springi yake hukaa juu ya mkono wa chini, jeki hapana budi iwekwe chini ya mkono huo huo, karibu na gurudumu. La sivyo springi huibana bolijointi, nawe utaiona nzima kumbe imekufa. Kazi hiyo na kazi ya kujaribu kwa mtaimbo mwachieni fundi, lakini simameni mtazame.

TUMJIBU ASKARI WETU

Sasa twaweza kuisoma barua ile kwa macho mapya. Ndugu yetu asema kelele ya mwaka mzima ni ya haraka, kwa mwendo mdogo, penye kokoto, upande wa kushoto zaidi, na kwamba shokapu mpya hazikuibadilisha. Hayo yote yaelekeza kidole kwenye linki, na baada yake kwenye kichwa cha nguzo. Asibadilishe miguu yote. Aanze kwa linki mbili.

Lakini gari lake lina kelele mbili, wala si moja, na ile kubwa imeifunika ndogo. Kijiti kikavu cha majuma mawili ndicho kinachotutia wasiwasi. Kama kilianza mara tu baada ya kufungwa shokapu mpya, kwanza zikaguliwe nati na bolti zote zilizoguswa siku ile, za juu na za chini. Kama hakihusiani na kazi ile, basi ikaguliwe bolijointi ya chini pande zote mbili, pamoja na bushi za mkono.

Na kuhusu safari, jibu letu ni hili: kutembea mwaka mzima si cheti. Kelele iliyotembea mwaka ni moja, na kelele ya majuma mawili ni nyingine. Ile ya kwanza haiwezi kuitolea ushahidi ya pili. Kutoka Muyinga hadi Gitega kwa njia ya Karuzi ni kupanda vilima na kushuka mabonde, na kuvuka Ruvubu, gari likiwa na watu sita na mizigo yao. Mteremko wenye kona si mahali pa kuupima mguu wa gari. Mpaka kiungo kile kitakapoonekana kwa macho kuwa ni kizima, familia isipande. Bibi akingoja juma moja atanung'unika kidogo, kisha atasahau. Kama siku ya safari haiwezi kusogezwa, nauli ya basi ni ndogo kuliko gharama yoyote nyingine tunayoweza kuitaja.

MBELE YA FUNDI

Mafundi wetu wengi ni watu waaminifu, wanaofanya kazi kwa vyombo vichache. Wasaidieni, nanyi mtasaidika. Mpeni daftari. Mwombeni aende nanyi mzunguko mmoja barabarani kabla ya kufungua chochote. Anaposema kitu fulani kimekufa, mwombeni kwa heshima akuonyeshe mchezo wake kwa mkono. Fundi anayejua kazi haoni uchungu kuonyesha.

Kama fedha haitoshi kwa yote, fuateni mpango huu. Kwanza bolijointi, tairodi, beringi ya gurudumu, na kila nati iliyolegea: bila hivi gari lisitoke. Pili bushi za mkono na jointi ya ekseli. Tatu shokapu, na hizo zibadilishwe mbili mbili, kwa sababu moja mpya na moja ya zamani huliyumbisha gari. Nne linki na mipira inayolia. Tazameni jinsi ile yenye kelele kuliko zote ilivyokaa mwisho wa mstari.

Bolijointi na tairodi zisinunuliwe za mtumba, wala bolijointi iliyolegea isigongwe nyundo au kuchomelewa ili "ibane". Hubana siku chache, kisha huachia bila kuaga. Palipo na kotapini, kotapini mpya iwekwe. Ya zamani iliyonyooshwa imekwisha kuchoka.

Bushi mpya zina siri yake. Bolti ya bushi ya mpira ikazwe kwa nguvu ya mwisho magurudumu yakiwa yamegusa ardhi na gari limekaa kwa uzito wake. Ikikazwa mguu ukiwa unaning'inia, mpira hukaa umejinyonga daima, na baada ya miezi michache huchanika. Hapo mwenye gari humlaumu mwenye duka, kumbe kipuri kilikuwa kizima na ukazaji ndio uliokuwa na kasoro.

Baada ya kubadilisha tairodi, bolijointi au shokapu, magurudumu yapimwe mwelekeo wake, yaani alaimenti. Fedha mtakayoikwepa hapo itadaiwa na matairi.

KWA MADEREVA WA MAGARI YA KAZI

Neno kwa madereva wa jeshi na polisi. Land Cruiser ngumu mnazoziendesha zina miguu ya namna nyingine: ekseli nzima mbele, juu ya springi za majani katika zile za zamani na za mviringo katika nyingi za tangu mwaka 1999. Humo hakuna bolijointi ya chini kama ya Probox. Lakini zipo beringi za kingpini, bushi za springi, yuboliti za kushika ekseli, na tairodi. Majina yanabadilika, kanuni haibadiliki. Kelele mpya iandikwe katika kitabu cha gari siku hiyo hiyo, pamoja na mahali na namna ilivyosikika, na mkubwa wa zamu aarifiwe kwa maneno. Askari hurithishana gari kama wanavyorithishana lindo. Anayepokea hawezi kukisikia kile ambacho wewe ulikizoea. Mazoea ndiyo yanayoliziba sikio. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi mpeni mwenzenu asiyelijua gari hilo aliendeshe kidogo, mumwulize amesikia nini.

Na ninyi wa nyumbani, yule anayekaa kiti cha pembeni asinyamazishwe kwa kuambiwa kwamba yeye si dereva. Masikio hayana leseni. Mara nyingi mama au mtoto husema "baba, kuna kitu kinalia" majuma mengi kabla dereva hajakubali. Andikeni neno lake katika daftari kama mnavyoandika la fundi.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutarudia matairi yetu tuliyoyaacha njiani: jinsi ya kuusoma uso wa tairi na kujua, kwa kulika kwake tu, ni kiungo gani cha mguu kinachotaka kutuangusha. Atakayeandika kuuliza jambo ataje aina ya gari, mwaka wake, na majibu ya maswali manne ya leo, ili jibu letu lisiwe la kubahatisha.

Safari njema.